Mgeni wa Mama Poni

Fadhul alitafuna firigisi polepole, jicho moja kwenye daftari, jingine kwa mtoto.

Mtoto mwenyewe, Poni, wa miaka mitano, alikuwa ameketi mbali, mgongo kwenye ukuta wa jiko, miguu pamoja, mikono mapajani. Mbele yake palikuwa na donge la ugali wa muhogo na majani ya kunde. Mama yake, Ayikoru, alisimama mlangoni na birika la maji ya kunawa, hajui aweke macho wapi. Kuku aliyekuwa akidonoa uani asubuhi ile sasa alikuwa ndani ya bakuli la Fadhul, mzima, na mchuzi wake.

"Mtoto hali nyama?" Fadhul akauliza.

"Mutoto ameshiba, mzee," Ayikoru akajibu haraka. "Wewe kula tu. Iko yako."

Fadhul akaandika: *Mtoto hapewi nyama.* Kisha akalamba kidole, akageuza ukurasa.

Msimcheke bado. Huyu mtu hakuwa mjinga, wala hakuwa mlafi kupita wanaume wengine wa Arua. Mwaka huo wa 1974 alikuwa ametimiza miaka kumi na mmoja kama msaidizi katika ofisi ya ustawi wa jamii, na kazi yake ilikuwa kutazama. Watu wawili wakigombania mtoto, hakimu alimtuma Fadhul akaone nani anajua kulea. Alikwenda mara tatu kwa kila nyumba, maana ndivyo ilivyosema fomu kutoka Kampala, na kila mara alimpelekea chifu taarifa mapema ili mwenye nyumba asiende shambani. Akirudi, akisema huyu, basi ni huyu. Hakimu hakuwahi kumbishia.

"Macho hayana pazia," alipenda kuwaambia wenzake ofisini. "Mtu atanidanganya kwa mdomo, lakini si kwa mtoto wake."

Safari hii aliyegombaniwa ni Poni. Baba yake, Yakubu, alikufa mwaka uliopita, lori lilipopinduka njia ya Koboko. Ayikoru akabaki peke yake kijijini Lobule, na jembe na mtoto. Hazikupita siku nyingi, dada wa marehemu, Sadiya, mke wa sajini huko Arua mjini, akaenda mahakamani kusema damu ya kaka yake haiwezi kulelewa kwa muhogo mtupu. Hakuwa mtu mbaya, Sadiya. Alimpenda kaka yake, na nyumba yake ilikuwa na nafasi.

Na nyumba yenyewe, jamani! Fadhul alipofika kule, watoto wanne walimvamia kama wamemjua tangu kuzaliwa. Mmoja akapanda gotini, mwingine akataka kalamu. Sadiya akacheka, akawafukuza, wakarudi, akacheka tena. "Kaka Fadhul, hawa wameshindikana! Kunywa chai kabla hawajaimwaga." Mke wa sajini, amwogope nani? Watu wa serikali waliingia na kutoka kwake kila siku. Fadhul akaandika: *Nyumba yenye furaha.*

Sasa ailinganishe na hii ya Lobule. Fomu iliuliza: je, mtoto humkimbilia mama? Hapana, kwa siku tatu zote hakuinuka pale ukutani. Je, mama huongea na mtoto? Neno moja tu, "Kaa." Je, mtoto hucheka? Hata meno yake Fadhul hakuyaona. Alimhurumia kweli yule mtoto, tena alipokuwa akinawa mikono aliona moyo unamuuma. Usiku hakuandika, alingoja kesho yake ofisini, akaketi wima, akaandika kwa mkono mzuri: *Mama ni mkavu. Mtoto anamwogopa. Napendekeza apelekwe kwa shangazi.*

Nyumbani alimsimulia mkewe, Medina, aliyekuwa akipepeta mtama.

"Kuku mara tatu?" Medina akauliza. Ungo ukasimama. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wa kwako siku ya tatu anakupa tena kuku, na wewe unamwandika hivyo?"

"Kuku si kulea, mama Asuman."

"Haya. Mimi nauliza tu."

Wiki mbili baadaye ikatoka barua ya kumwita Ayikoru mahakamani. Mpeleka barua alikuwa mgonjwa, na Fadhul akasema ataipeleka mwenyewe, njia anaijua. Alipanda lori hadi Koboko, baiskeli yake juu ya magunia, kisha akaendesha mpaka Lobule. Safari hii chifu hakuambiwa kitu. Mvua ilikuwa imenyesha, matope yakashika magurudumu, akashuka na kuisukuma baiskeli kwa njia ya nyuma, kando ya shamba la muhogo.

Akasikia kicheko. Si kicheko cha mtu mmoja. Watu wawili walikuwa wakicheka mpaka wanakosa pumzi, na sauti ilitoka ua wa Ayikoru. Akasimama, akachungulia katikati ya majani.

Poni alikuwa amekaa juu ya kigoda, kile alichokuwa akikalia Fadhul. Tumbo amelitoa mbele. Mkononi alishika jani pana la muhogo, akawa analichorachora kwa kijiti. Na kule ukutani, miguu pamoja, mikono mapajani, aliketi mama yake, mwanamke mzima, amebana midomo asicheke.

"Leta supu!" Poni akaunguruma, kwa Kiswahili cha serikali. "Mutoto hapana kula?"

"Mutoto ameshiba, mzee," Ayikoru akajibu kwa sauti nyembamba ya kitoto.

Poni akaokota kijiwe kwenye kigae, akakitia mdomoni, akatafuna kwa mashavu yote mawili. Akalamba kidole, akageuza jani. Ayikoru akashindwa. Akaanguka ubavu, machozi yanamtoka kwa kucheka. "Wewe mtoto! Umemwonea wapi akilamba kidole?" akasema, sasa kwa Kilugbara, lugha ambayo Fadhul aliijua tangu utoto.

"Kila mara," akasema Poni. "Mama, lakini mimi ni mgeni mzuri. Mimi nabakisha." Akashuka kwenye kigoda, akachukua vijiwe vyote kwenye kile kigae, akaenda kumlisha mama yake kimoja kimoja, na mama akavipokea kwa midomo, akamvuta mtoto kifuani, wakagaagaa pamoja kwenye vumbi.

Fadhul alihisi masikio yanamwaka moto. Wallahi, angepata shimo angeingia na baiskeli yake. Mwenyewe alizaliwa pande hizo hizo, hakuletwa na ndege. Mgeni akija kwao zamani, mama yake alimtoa Fadhul nje na kumwambia asipite mlangoni, asimtazame mgeni mdomoni. Yeye na dada zake walikaa nyuma ya nyumba wakingoja mifupa. Alijua yote hayo. Aliyajua siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, na bado alikaa pale, akala nyama ya mtoto, akaandika kwamba mtoto hapewi nyama.

Akakohoa.

Kicheko kikakatika. Kufumba na kufumbua Poni alikuwa ukutani, miguu pamoja, mikono mapajani. Ayikoru akajifuta vumbi, akapiga goti kusalimu, na hata kabla hajamaliza salamu macho yake yalikuwa yanazunguka uani, yanatafuta kuku. Hakukuwa na kuku.

"Karibu, mzee. Kaa. Nakimbia kwa Ocokoru, jirani, narudi sasa hivi."

"Hapana, mama Poni. Usiende popote. Nimeleta barua tu."

"Kaa hata kidogo, mzee."

"Sikai."

Uso wa Ayikoru ukabadilika. Mgeni aliyekataa kukaa! "Mzee, nimekosa nini?" akauliza. Fadhul akamtazama, akatazama chini, akampa barua, akageuza baiskeli. Njia nzima hadi Koboko hakujibu salamu ya mtu.

Siku ya kesi alivaa koti lake la kijivu. Hakimu alikuwa ameshaifungua ripoti, kalamu iko mkononi. Sadiya alikuwa benchi la mbele, amejitanda vizuri. Ayikoru alikaa nyuma kabisa karibu na mlango, Poni mgongoni, ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa.

Fadhul akasimama. "Mheshimiwa, ripoti hiyo si sahihi."

"Nani aliyeiandika?"

"Mimi."

"Uliyoandika hapa uliyaona au hukuyaona?" Hakimu akasoma. "*Mtoto hapewi nyama.*"

"Niliyaona. Lakini nyama nilikula mimi, Mheshimiwa. Kuku wote watatu. Nikamwandika mama."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Karani akaficha uso kwenye faili. Mtu wa nyuma akasema kwa sauti, "Na mifupa je?" wakacheka upya. Hata Sadiya alijifunika mdomo kwa mtandio. Jasho likamtiririka Fadhul ndani ya koti, lakini akaendelea: kwamba mtoto alikatazwa kuinuka kwa sababu yake, mama alikaa kimya kwa sababu yake, na siku ambayo hakungojwa aliona nyumba nyingine kabisa. Aliyasema vibaya, akirudiarudia, kama mwanafunzi aliyesahau somo.

Hakimu akagonga meza. Akamwita Ayikoru mbele.

"Mama, mbona hukuniambia habari ya hao kuku? Ningejuaje?"

Ayikoru akashangaa kuulizwa. "Mheshimiwa," akasema, "mutu anakuja kwangu, anakula chakula yangu. Halafu mimi nakuja hapa kumushitaki sababu alikula?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Sadiya aliinama, akawa anavuta uzi kwenye pindo la mtandio wake. Hakimu akaifunga ripoti. Alikuwa na hasira, na wa kumkasirikia alikuwa mmoja. Kesi iahirishwe miezi miwili, akasema. Mtoto abaki na mama yake kwa sasa. Ofisa mwingine aletwe kutoka Gulu, atazame upya nyumba zote mbili, mara tatu kila moja, kama fomu inavyotaka. Na Bwana Fadhul akae chini.

Alikaa. Watu walipokuwa wakitoka, wengine walimgusa bega wakimtakia chakula chema. Alingoja mpaka ukumbi ukabaki mtupu ndipo akatoka.

Ayikoru alikuwa barazani, anamngoja. Poni alikuwa bado mgongoni, shavu limelala begani kwa mama. Fadhul alitaka kuomba msamaha, na maneno alikuwa ameshayapanga, lakini Ayikoru akapiga goti kwanza, akamsalimu vizuri, kama siku zote. Kisha akasogea karibu, akashusha sauti ili wengine wasisikie.

"Mzee, huyo mutu ya Gulu. Wewe unajua kazi yao. Yeye iko nakula kuku, ao nitafute mbuzi?"

Poni aliinua kichwa begani kwa mama yake, akamtazama Fadhul mdomoni, akingoja atasema nini.