Mgeni Apite

Niseme wazi tangu mwanzo: mimi si mtu wa kupumzika. Nimefua mashuka ya hospitali tangu ujana wangu mpaka nilipostaafu, na mikono hii ukiiambia itulie inakuuliza kwa nini. Aliyetaka kupumzika alikuwa mume wangu. Alikuwa fundi lifti, na siku aliyorudisha funguo za kazi alisema, "Mama watoto, pensheni hii hapa kwetu ni ya kufa nayo. Tuhamie ng'ambo ya mpaka tukaishi nayo." Hakukosea. Huku kodi ni nafuu, nyanya ni nafuu, hata kinyozi ni nafuu, ingawa kichwa cha mume wangu hakina tena kazi ya kumpa kinyozi.

Tulipanga vyumba viwili katika nyumba ya wapangaji wengi, yenye ua mmoja na bomba moja. Walitupokea vizuri. Walitupokea vizuri mno, na shida ilianzia hapo.

Nikienda bombani na ndoo yangu, foleni yote inasogea pembeni. "Mgeni apite." Nikishika ufagio nifagie ua, mpangaji wa chumba cha kwanza ananipokonya huku anacheka. "Pumzika, Bi Mgeni." Mume wangu naye akawa Bwana Mgeni. Watu wakiwa wanapiga soga barazani, tukitokea wanakaa vizuri, wanatutolea viti, na soga inakufa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulikaribia kumaliza mwaka tukilisubiri jembe hilo.

Mimi nilikasirika. Mume wangu alifanya baya zaidi, alinyamaza. Mtu aliyezoea kurudi nyumbani na visa vya lifti zilizokwama na wakubwa ndani yake, sasa alishinda kitandani akilitazama boksi lake la zana. Mji wote huu hauna jengo lenye lifti. Jioni moja nikamsikia akiongea na mwanetu kwenye simu.

"Kile chumba cha uani bado kipo?" aliuliza.

Nilikijua chumba hicho, kiko nyumbani kwa mwanetu. Nilijua pia kwamba mkamwana wangu ana watoto wawili wadogo na dada wa kazi ameondoka. Wajukuu wangu nawapenda, Mungu shahidi, lakini kulea nimeshalea.

"Mkataba wetu unakwisha," mume wangu akaniambia alipokata simu. "Mwenye nyumba anakuja Jumatatu kutaka jibu. Hapa hatuna mtu. Tunakaa kwa ajili ya nani, kwa ajili ya nyanya?"

Nikachukua vyombo vilivyokuwa safi, nikaviosha tena.

Jumapili niliamka nimefura. Hasira zangu huishia kwenye beseni. Nikavua mapazia, nikatoa mashuka, foronya na vitambaa vya viti, nikafua kama vile wodi nzima inanisubiri. Kamba zote za uani zikajaa, pindo kwa pindo, hakuna pa kutia hata leso.

Ndipo akatoka Mama Pacha na sare za watoto wake, mbichi, mkononi. Huyu ni fundi cherehani wa chumba cha jirani, mpole, aliyezoea kunisalimu kwa sauti ya chini kama niko mgonjwa. Akaitazama kamba ya kwanza. Akaitazama ya mwisho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Hivi mama, hizi kamba umezinunua?"

Sufuria iliyokuwa inasuguliwa mahali fulani ikaacha kusuguliwa.

"Jumapili ni zamu yangu," akaendelea. "Kila mtu hapa anajua. Wanangu wana sare moja moja. Kesho waende shule wamejifunga mapazia yako?"

Kila mtu anajua, isipokuwa sisi. Mgeni haambiwi zamu. Mgeni anaanika atakapo, na wenyeji wanameza maneno. Kumbe walikuwa wanameza muda wote huo.

Mama Pacha akaziba mdomo. "Nisamehe mama. Nimepitiwa."

"Usiniombe msamaha," nikasema. Nilikuwa na furaha kwamba hatimaye kuna aliyenigombeza, ila furaha yangu na hasira yangu hutumia sauti moja. "Mnanichekea usoni halafu mnanung'unika vyumbani. Midomo mnayo, si mngeniambia? Na mimi ninalo langu. Nani anamwaga maji ya sabuni mlangoni kwangu?"

"Mimi. Mtaro umeziba. Niyamwage wapi, kichwani?"

"Uzibueni."

"Si una mikono, mama? Njoo tuzibue."

Hapo nikajua jembe limefika. Nikakunja mikono ya gauni.

Mume wangu alitoka mbio akidhani napigwa. Alipoona sipigwi, alizitazama kamba. "Zimelegea," akasema. "Na huku juu pote pamekaa bure." Akarudi ndani, nikasikia boksi la zana linafunguka.

Mpaka jua linageuka, alikuwa amefunga kapi mbili, yale magurudumu madogo ya kupitishia kamba, moja juu ya ukuta na jingine kwenye nguzo ya tangi la maji. Unasimama mahali pamoja, unabana nguo, unavuta kamba, nguo inakwenda yenyewe juu ya ua. Mama Pacha akavuta, na sare mbili ndogo zikapita juu ya vichwa vyetu.

"Lifti hiyo," mume wangu akasema.

Watu wakacheka, na safari hii hakuna aliyetutazama kwanza. Mpangaji wa chumba cha kwanza akasema, "Fundi, hebu njoo uone na mlango wangu." Fundi, si Bwana Mgeni. Mimi na Mama Pacha tulikuwa na matope mpaka viwikoni, bado tunagombana kuhusu nani alitupa maganda mtaroni.

Jumatatu asubuhi nilikwenda bombani. Kwa mazoea nikapita moja kwa moja mbele. Mama Pacha hakugeuza hata shingo.

"Shikamoo mama. Foleni inaanzia nyuma."

Nikarudi nyuma. Nilisimama na ndoo yangu mpaka magoti yakalalamika, nikisikiliza umbea kuhusu mwenye nyumba, mtamu kwelikweli, na haukukatika niliposogea. Ulikatika alipoingia mwenyewe. Mume wangu alikuwa mlangoni kwa mpangaji wa chumba cha kwanza, bisibisi mkononi, akaniita kutoka ng'ambo ya ua.

"Mama watoto, njoo. Anataka jibu. Mimi langu nimeshampa, sasa anataka lako."

"Mwambie tunakaa," nikasema. "Kuja siwezi, nitapoteza nafasi yangu."