Betri Iliyovimba Chini ya Pasi

Fundi cherehani wa pale kona alikuwa na simu moja na maneno elfu ya kuitetea. Jua halijapanda vizuri, simu imeshazimika, naye husema, "Imepumzika kidogo." Wateja walimtumia picha za mishono, vipimo, hata malalamiko, na simu ikakata maneno yakiwa mdomoni. Mmoja alimwambia usoni, "Fundi, wewe ukiona jina langu unazima." Hilo lilimchoma kuliko sindano chini ya ukucha, maana tangu aanze kazi hajawahi kumkimbia mteja.

Basi akaifunga kwenye chaja kutwa nzima, kama mbuzi kwenye kamba. Soketi inayoshika ilikuwa moja tu, ile ya ukutani kwenye kichwa cha meza ya kukatia. Na chini ya kichwa hicho hicho cha meza ndipo alipolala mjukuu wake, ndani ya kapu la vipande vya vitambaa, kwa kuwa pale mlio wa cherehani ulimbembeleza vizuri. Mtoto mwenyewe hata kutambaa bado.

Aliyeona kwanza ni binti yake, mama wa mtoto, aliyekuwa akishona vifungo pembeni. Alisogeza simu mezani, ikayumba kama sahani yenye kitako kibovu. Akaigeuza. Mfuniko wa nyuma umeinuka, na ubavuni pana ufa wa kuingiza ukucha.

"Mama, simu imevimba."

"Kutwa inakula umeme, kwa nini isiote kitambi?"

"Sitanii, Mama. Betri hiyo imeharibika. Itoe kwenye chaja."

"Mwanangu, ikitoka kwenye chaja hata salamu haimalizi. Na Mama Kwaya anapiga leo. Kitambaa chake kiko mezani, sijui anataka mikono mirefu au mifupi. Akinikosa leo, kazi anampa mwingine."

"Basi nimtoe mtoto hapo."

"Ndiyo kwanza amelala! Ukimwamsha, utambembeleza wewe? Nenda kachukue uzi. Si nipo hapa?"

Binti akaenda, huku akigeuka nyuma.

Fundi hakuwa mjinga. Alikuwa na uhakika wake, na uhakika huo aliutolea jasho. Mikononi mwake kola zilizojikunja zilinyooka, marinda yaliyogoma yalilala, na suruali iliyotoka sandukuni imesinyaa ilirudi na mstari. Kitu kilichovimba, dawa yake uzito, basi. Akaifunika simu kwa kitambaa cha pamba, akaipandishia juu ile pasi yake nzito ya chuma. Ilikuwa ya baridi, maana ya moto asingethubutu. Waya wa chaja ukabaki umechungulia pembeni kama mkia. Akarudi kwenye cherehani, anaimba.

Mama unayesoma haya, hapa ndipo pa kupiga kelele.

Ilianza harufu, tamu tamu, kama rangi ya kucha iliyomwagika. Fundi akadhani jirani anajipamba. Kisha ukaja mlio, sssss, kama chungu kinachochemkia chumba cha pili. Pasi ikatikisika yenyewe. Moshi ukafuka chini yake, kitambaa cha pamba kikashika moto, na cheche zikaruka ukingoni mwa meza, upande wa kapu.

Mkono wake wa kulia ulitangulia kwenda kwenye simu. Picha za wateja zimo humo, vipimo vimo humo, namba zote, na heshima yake yote ya ufundi. Mkono uliishia katikati ya safari. Hapo akainama, akashika kapu kwa vishikio vyake viwili, akatoka nalo nje kinyumenyume, akiburuta na kitambaa cha kwaya kilichonasa.

Hakurudi kuokoa kitu. Akalitua kapu mbali, kwenye ukuta wa jirani, akazima swichi kubwa ya nje, akajifunga mtandio puani. Jirani alikuwa anajenga. Fundi akachota mchanga wake ndoo nzima, akaumwagia moto akiwa amesimama mlangoni, kisha akachota nyingine.

Binti alirudi akikimbia, uzi umemwagika njiani.

"Mtoto!"

"Yuko kapuni. Mchukue."

Mtoto alikuwa ananyonya kona ya kitambaa, amekunja uso kwa kuudhiwa na jua. Binti akamkagua kidole kwa kidole, akamfunga mgongoni, akakaza fundo mara mbili. Ndipo akamtazama mama yake.

"Mama, leo ungenizika na mimi."

"Najua. Nawe usininyamazie. Sema."

Akasema. Akasema mpaka majirani waliokuja kutazama wakaona haya, wakaondoka mmoja mmoja. Fundi alisikiliza mpaka neno la mwisho, kisha akachukua ufagio.

Mama Kwaya alifika mwenyewe mchana, amefura. "Fundi! Tangu asubuhi hupatikani!"

"Simu ndiyo haipatikani. Mimi nipo. Nyoosha mkono nikupime."

"Na hiyo meza imefanya nini?"

Fundi akamweleza yote pale barabarani, futi ikiwa begani kwa mteja, wala hakujipunguzia kosa. Alisema alivyoambiwa na mtoto wake wa kumzaa, alivyojibu kwa utani, na mahali mjukuu alipokuwa amelala.

"Sasa wewe unaonana na kina mama wengi," akamwambia. "Kawaambie kabla hamjaimba. Betri iliyovimba haibanwi, haitobolewi, haichajiwi, wala hailali chumba kimoja na mtoto. Inatoka nje siku hiyo hiyo, inapelekwa kwa mtu wa simu. Mtu akikuambia unaogopa bure, mlete hapa aione meza yangu."

"Nitawaambia Jumapili."

"Jumapili mbali. Waambie leo." Akavuta futi mpaka kwenye kifundo cha mkono. "Haya, mirefu au mifupi?"

"Mirefu."

"Mirefu. Shika hapo, usipinde kiwiko."