Uduvi wa Bi Mwatum

Mke wangu Time alifia garini, kabla hatujafika hospitali ya Chake Chake. Maneno yake ya mwisho yalikuwa haya: "Mama katia uduvi. Usimwambie."

Sikumwambia. Watu walijaa nyumbani kwetu Wawi, wakasema kazi ya Mungu haina makosa, nikaitikia. Wakala, wakaondoka, nikabaki nimekufa ganzi. Sikulia makaburini wala nyumbani. Wengine walinisifu kwa subira. Haikuwa subira. Nilikuwa sisikii kitu, kama mtu aliyepigwa mwili mzima ile sindano ya kung'olea jino.

Mimi ni mwalimu wa bayolojia. Sebuleni nimebandika picha niliyoichapisha kwa somo la mzio: kipokezi cha histamini. Ni protini inayokaa kwenye utando wa seli zetu. Wataalamu waliifanya igande ikawa fuwele ndogo, wakaipiga eksirei, ndipo umbo lake likaonekana: tepe saba zilizojisokota, zimesimama pamoja, na kati yake uwazi. Histamini, kemikali inayomwagwa na mwili wenyewe, ikiingia kwenye uwazi ule, mishipa inavuja na mtu anavimba. Kwenye picha yangu aliyekaa pale kati ni dawa. Tazameni, nilikuwa nikiwaambia wanafunzi, dawa imewahi kiti.

Siku ile nilimpa Time kidonge cha namna hiyo hiyo, akakimeza. Lakini kidonge huziba mlango mmoja, na mzio mkali una milango mingi. Alichohitaji ni sindano ya adrenalini, nasi hatukuwa nayo. Hayo yote nilikuwa nikiyajua. Kujua kwangu hakukumfaa kitu, na hilo linaniudhi mpaka leo.

Bi Mwatum, mamake Time, ni mtu wa Kisiwa Panza. Alijua kwamba kamba humdhuru mwanawe, na kwa ajili yake kamba hakuingia jikoni kwake miaka yote. Lakini kwake yeye uduvi si kamba. Kamba ni kitoweo, hukaa sahanini ukamwona. Uduvi ni vijidudu vya kuanika juani, hutwangwa ukatiwa kwenye muhogo wa nazi kama mtu anavyotia chumvi. Nani huulizwa habari ya chumvi? Siku zote alikuwa akitia dagaa. Wiki ile aliyofariki Time akaletewa uduvi kutoka kwao, akautia badala ya dagaa.

Alhamisi baada ya hitma alikuja na sufuria. Katika ukoo wao, marehemu hutolewa sadaka ya chakula alichokipenda, na wa kwanza kuonja ni mtoto wake, kisha ndipo wagawiwe watoto wa jirani. Binti yetu Kauthar, wa miaka mitatu, alikuwa ameshaketi mkekani na kijiko chake. Bi Mwatum akafunua. Ile harufu niliijua.

"Umetia nini, Mama?"

"Vile vile alivopenda mwenyewe. Muhogo na nazi, na uduvi kidogo wa kutia ladha."

Mwezi uliopita Kauthar alichezea maganda ya kamba sokoni, mkono ukamtoka vipele. Huenda ni mzio, huenda si mzio. Kwa marehemu nilikuwa na ahadi, na mbele yangu mtoto mwenye kijiko.

Ningeweza kusema tumbo linamuuma. Hiyo leo. Na Alhamisi ijayo je? Na siku nitakazokuwa shuleni, mtoto yuko kwa bibi yake? Nikamnyang'anya kijiko. Akaangua kilio.

"Kwani ntoto kafanya nini?" Bi Mwatum aling'aka. "Sadaka ya mamake wamzuilia?"

Nikamwomba asogee kwenye picha.

"Hii kila siku naiona," akasema. "Kama ukili ulosukwa ovyo."

"Kitu hiki kimo mwilini mwako na mwangu, Mama. Time akila kamba, mwili wake ulikuwa unamwaga kitu, kinakuja kukaa hapa kati. Kikishakaa, koo linavimba."

"Kamba hakula."

"Uduvi nao ni kamba. Mwili hautazami udogo wake."

Alinyoosha kidole akakiweka kwenye ule uwazi wa kati, akakiacha pale pale. Kauthar alilia mpaka akachoka, akanyamaza.

"Basi ni nkono wangu," akasema.

Nilitafuta uongo wa kumpa, sikuupata.

"Mwenyewe alijua?"

"Alijua. Alisema nisikwambie."

Nilitaka kulia, mara ya kwanza tangu siku ile ya gari, kilio kisije. Bi Mwatum hakulia. Alifunika sufuria akaitoa nje. Akamnawisha Kauthar mikono kwa sabuni, akamnawisha tena, kisha akajinawa mwenyewe hadi kwenye viwiko, anasugua kama mtu anayetoa rangi. Alipomaliza akanitazama.

"Na huyu," akasema, akimwonesha mjukuu wake kwa kidevu, "hata akikua, usimwambie."

Nikasema, "Haya."