Mvua ya Benchi la Nyuma

Jumapili, tarehe 14 Machi 2010. Asubuhi ilikuwa ya baridi kavu, anga jeupe, bila tone la mvua. Ilikuwa Jumapili ya Akina Mama, na katika kanisa la Wendleby, Lincolnshire, mzee wa kanisa Tindall alikuwa amepanga vishada vya maua ya manjano kwenye sinia, kimoja kwa kila mama. Kisha akaweka ndoo kando ya benchi la nyuma.

Doreen Porch alifika na kaka yake Clifford kutafuta asili ya jina lao. Marehemu baba yao aliamini kwamba babu wa babu yake alitupwa na mama mzazi, na kwamba watu wa damu hiyo hawajui kupenda. Hakuwahi kumkumbatia Doreen. Sasa Doreen alikuwa na wajukuu, na kila alipowakumbatia alijiuliza kama anaigiza.

"Sisi ni uzao wa mashujaa wa Normandi," Clifford alimwambia Tindall. "Ngao ya ukoo ninayo sebuleni."

"Nyinyi mmeanzia pale," Tindall akasema, akionyesha kibaraza chenye paa mlangoni. Kibaraza hicho ndicho kiitwacho porch kwa Kiingereza, na zamani mtoto wa kuokotwa alipewa jina la mahali alipookotwa. "Huniamini, muulize mama wa mtoto aliyeokotwa pale. Yule kule."

Kwenye benchi la nyuma aliketi msichana mwenye shali nzito. Mvua ilimnyeshea yeye peke yake, ikidondoka ndooni.

"Huja kila mwaka Jumapili hii," Tindall alisema. "Hata babu yangu alimkuta akija."

Doreen, mwenye miaka sitini na sita, akaenda kumwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa huko, utalowa."

"Ulimtupa?"

"Nimtupe!" Keziah, maana ndilo jina lake, akacheka. "Pale ndipo palipokuwa na paa. Mimi sikuzaliwa hapa. Wasimamizi wa maskini walinifukuza na uchungu wangu, mtoto asizaliwe hapa akawa mzigo wao. Nikajifungulia njiani, nikarudi naye usiku. Nikasimama kwenye mvua mpaka mlango ukafunguliwa na mtu akambeba. Ndipo nikaenda zangu kufa."

Doreen alimshukuru Mungu kwa sauti ndogo. Mabega yake, yaliyopanda tangu utotoni, yakashuka.

Tindall akapita na sinia. Alimpa Doreen kishada, akamruka Keziah.

"Na huyu je?"

"Si wa parokia yetu, Bi Doreen. Amezikwa kando ya barabara, ng'ambo ya mpaka. Tuliomba kumhamishia hapa, tukakataliwa. Mwaka jana tena. Mimi sina ubaya naye, ndoo si ninamwekea?"

"Ndoo!" Clifford alisema. Akavua koti lake, akamfunika Keziah. Likalowa papo hapo.

"Asante, mwanangu," Keziah alisema. "Huwa haisaidii."

Doreen akaweka maua yake mapajani mwa Keziah. Mvua ikayanyeshea nayo. Kisha akasimama, na kanisa zima likageuka.

"Naitwa Doreen Porch, na huyu ndiye mama wa ukoo wetu. Nyote mnasikia: kila Jumapili ya Akina Mama, maadamu Mungu ananipa uhai, nitakaa hapa karibu naye, na nitalowa."