Boksi la Herufi M

Mume wangu anasoma Kilatini tangu alipokuwa na nywele. Mashairi yake yote ni ya watu waliokufa zamani mno, na hao sikuwahi kuwaonea wivu. Marehemu haji kubisha hodi saa tatu asubuhi akinukia marashi.

Aliyekuja kubisha ni mwanafunzi wake, binti wa miaka ishirini na saba, aliyeitwa aingize kamusi kwenye kompyuta. Kamusi hiyo ndiyo kazi ya maisha ya mzee: kila neno walilotumia wale washairi lina kadi yake, imeandikwa nani alilitumia na mstari gani. Kuandika ni yeye, kuzipanga ni mimi. Niliishia darasa la saba, lakini herufi nazijua kwa mpangilio wake. Miaka thelathini na moja, kila alasiri, meza moja, yeye anasoma, mimi napachika kadi kwenye maboksi ya viatu. Wenzetu hutoka kutembea; sisi tulikuwa na hilo.

"Bibi, sasa utapumzika," binti akaniambia siku ya kwanza.

Mzee ni Profesa, mimi ni Bibi. Nikamjibu, "Asante, mwanangu," nikampa kikombe chenye ufa.

Wiki ya pili nikaambiwa nisiingie chumba cha kadi na ufagio, eti nitavuruga kadi. Nikawa nasikiliza mlangoni. Mzee anasoma mstari huku anagonga meza kwa vidole, anahesabu mapigo ya shairi, marefu na mafupi, na binti anagonga naye. Mimi hakuwahi kunifundisha kugonga.

Basi walipofika herufi M, nikalibeba boksi lake nikalizika kwenye pipa la unga.

Kesho yake nyumba haikukalika. Mchapishaji alitaka kamusi mwisho wa mwezi. Mzee alifunua zulia, akachungulia hadi ndani ya friji, mwisho akamgeukia binti.

"Wewe ndiye uliyelishika mara ya mwisho. Liko wapi?"

Nilikuwa nimesimama na trei ya chai. Binti akaniangalia mikono: unga mpaka viwikoni, maana nilikuwa nimetoka kulizamisha boksi zaidi. Akaelewa, akainamisha kichwa.

"Nililichukua nikachape nyumbani, Profesa. Nadhani nimelisahau kwenye basi. Nisamehe."

"Basi kesho usije."

Hapo ndipo nilipomchukia barabara. Kunichukulia mume ni jambo moja. Kunisitiri, ndani ya nyumba yangu, mbele ya mume wangu, hiyo ni jeuri. Ningeishi na wema wake kooni kama mwiba wa samaki.

Nikaweka trei chini. "Boksi liko kwenye unga."

"Nani kaliweka huko?" mzee akauliza.

"Panya."

Wakanitazama wote wawili.

"Panya wa darasa la saba," nikasema.

Mzee akakaa. Hakufoka, na afadhali angefoka. "Mama watoto, nimetaka kumfukuza mtoto wa watu."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

"Wiki tatu sijagusa kadi, baba watoto. Hata hukuuliza nashinda nikifanya nini."

Binti ndiye aliyekwenda jikoni. Akarudi na boksi, anapuliza unga, akachomoa kadi moja. "Hii haina jina la mshairi, Profesa." Mzee akaivutia puani, akavua miwani, hajui.

Nikaichukua. Pembeni ina doa la mafuta ya taa. "Hii ni ya mwaka tuliohamia hapa. Taa ilimwagikia kadi za mshairi mmoja tu, kabla sijazipanga. Tafuta zenye doa."

Wakatafuta. Zikapatikana saba, zote za mtu mmoja. Binti akanisogezea kiti.

Sasa tunakaa watatu, na mzee ananifundisha kugonga. Binti nimempa kikombe kizima. Lakini nahesabu anavyomchekesha mume wangu. Jana ilikuwa mara nne. Mimi mara mbili, na moja nilimtekenya.