Tisa Ngome, Mmoja Msitu

…kwa sababu kura ya kuwahamisha wachezaji haina macho, kura itamchukua mke na kumwacha mume, itamchukua huyu aliyejiunga jana tu kwa ajili ya dada yake na kumtupa upande wa pili akapigane na dada huyo huyo, na kesho watu watafungua kompyuta wajikute mchezoni wamevikwa majani ya Msitu badala ya chuma cha Ngome, wataulizana nani katufanyia hivi, na aliyefanya ni yeye, kwa kidole chake, na simu imetetemeka tena mfukoni, huyo ni mkuu wa kitengo, si mwingine, lakini mikono yake yote miwili imeshika ngazi, na juu ya ngazi yuko kaka yake, na juu ya kaka yake feni ya sebuleni kwa mama inaning'inia kwa waya mmoja… "Shika vizuri wewe, umelala?" "Nimeshika," anajibu, na ni kweli mikono imeshika, ila kichwa kiko kwenye seva ya tatu, ulimwengu ule alioubuni mwenyewe mto kwa mto, enzi akiwa mgeni ofisini na hakuna aliyemjua zaidi ya mhudumu wa chai, Ngome huku, Msitu kule, daraja moja katikati la kugombania, pande mbili sawasawa, alizipima mpaka mawe, kisha Ngome wakashinda mara tatu mfululizo, basi, mambo yakaharibika, wapya wote wakakimbilia Ngome, wa Msitu wakachoka kupigwa wakauacha mchezo, na leo kati ya wachezaji kumi, tisa ni wa Ngome, nao hao tisa hawana raha, wanapanga foleni kuingia, wakishaingia wanazurura darajani hawaoni wa kupigana naye, kama watu waliojipamba kwenda harusini wakakuta ukumbi mtupu, na Msitu amebaki Bibi Mshale na watu wake wasiojaza hata basi dogo, Bibi Mshale ni mkunga mstaafu, hajawahi kumwona kwa macho, anamjua kwa maandishi yake tu, mwanangu, aliandika juzi, sisi tunaingia kila jioni hata kama ni kupigwa tu, tumeshazoeana, mkitufungia hapa tutaonana wapi… tutaonana wapi, hilo ndilo linalomrudia, kwa sababu mkuu ameandika kura au tufunge seva, nangoja jibu lako kabla ya chakula cha mchana, kana kwamba anauliza chai au kahawa, "Bisibisi," anasema kaka, "ile ndogo," na mama kwenye kiti chake anasema si hiyo, ile ya mpini wa mbao, mama hapandi ngazi lakini kila skrubu ya nyumba hii anaifunga kwa mdomo, "Mama, aliye juu ni mimi." "Ndiyo maana naogopa," na yeye anaachia ngazi mkono mmoja, anampa kaka ile ya mpini wa mbao, anashika tena, na zawadi je… zawadi alishajaribu, lilikuwa wazo lake na alilitetea kikaoni mpaka sauti ikakauka, atakayevuka kwenda Msitu apewe farasi mweupe, farasi asiyeuzwa popote, na wakavuka, wengi kweli, mstari wa Msitu kwenye chati ukapanda kama mtu anayepanda ngazi mbio, akampigia mama simu kumwambia, na mama akasema vizuri mwanangu bila kujua ni kizuri kipi, na kabla wiki haijaisha mstari umelala chini tena, farasi wamerudi Ngome na wenye farasi, na tangu hapo hajaacha kujiuliza, labda farasi hakupendeza, labda ingekuwa ngao, labda farasi wawili… "Hata mimi nilimchukua yule farasi wako," anasema kaka, skrubu mdomoni, na yeye anainua uso, kumbe alikuwa anasema kwa sauti, tangu lini, "Wewe?" "Mimi. Farasi mzuri, nisiseme uongo. Nikakaa Msitu jioni mbili. Sasa jamaa zangu wote wa kiwanda cha uchapaji wako Ngome, najua huko wanacheka, mimi nimepanda farasi wangu peke yangu kama mtoza ushuru. Nikarudi." "Umekula zawadi ukakimbia." "Nilikula kwa adabu." "Mwizi," anasema mama, ambaye hajui wanazungumza nini lakini anamjua mwanawe, na kaka anacheka, ngazi nzima inatikisika… peke yake kama mtoza ushuru, na si mara ya kwanza huyu kurudi hivyo, alirudi hivyo hivyo akisukuma baiskeli, baba alipohamia ile nyumba upande wa pili wa mji, baada ya yeye na mama kushindwana, baba aliyekuwa akila amesimama jikoni kwa sababu meza ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja, akamwambia kaka njoo tuishi wote nitakununulia baiskeli, akainunua, ya kijani, si ya bluu kama kaka anavyodai, na kaka akaenda, akalala huko siku chache akarudi anaisukuma, hata hakuipanda, alipoulizwa akasema kule hakuna wa kunitazama nikiendesha, kisha ikawa zamu yake yeye, akaahidiwa chumba chake mwenyewe chenye mapazia ya maua, akaenda, akalala ameitazama dari, akarudi, na mdogo wao wa mwisho akaahidiwa paka, akarudi na paka, na kila aliyerudi alirudi na aibu yake, na baba kule amebaki na mapazia… mpaka shangazi alipokuja, yeye siku zote anaisimulia hivi, maana kati ya watoto watatu ndiye anayetunza habari za ukoo, nani alizaliwa lini na nani alivaa nini, ndugu humpigia simu kuuliza, shangazi alikuja akasema wapelekeni wote watatu kwa pamoja, wakapelekwa likizo ile, na nyumba ya baba ikawa nyumba, godoro moja sakafuni, ugomvi wa blanketi, mlango wa choo unagongwa, baba anakula ameketi, na hakuna aliyepewa kitu, hata pipi, na hakuna aliyeomba kurudi mpaka shule zilipofunguliwa… "Shangazi aliona mbali," anasema, "Shangazi yupi?" anauliza mama. "Aliyesema twende kwa baba wote pamoja." Mama anacheka kwa pua. "Shangazi yako siku ile alifuata sufuria yake. Aliyesema ni mimi." "Wewe, mama?" "Mlikuwa mnakwenda mmoja mmoja mnarudi mnalia. Nikadhani mnanililia mimi, nikafurahi, Mungu anisamehe. Kumbe kila mmoja analilia wenzake. Nikafunga nguo zenu zote kwenye begi moja, makusudi, asiwepo wa kubeba lake na kurudi," na anasema hivyo huku akikung'uta makombo mapajani, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, na mikono ya binti yake imelegea, "Ngazi," anasema kaka, "ngazi, ngazi," na anaibana tena… miaka yote hii amewasimulia watu shangazi, wajukuu wa mama nao amewapa shangazi, na mwenye nyumba iliyojaa ndiye aliyewafungia mzigo waende kuijaza ile tupu… begi moja… basi kosa halikuwa farasi, angewapa hata ndege wa kuruka, alikuwa anaita mtu mmoja mmoja, na kura nayo ni ile ile, mmoja mmoja tena kwa kuburuzwa, kumbe anayevuka si mtu, ni kikosi, kikosi kizima na jina lake na bendera yake na utani wake, kiongozi anauliza, wote wakikubali wanavuka, mlango unabaki wazi mpaka pande zikaribiane kisha unajifunga wenyewe, vikosi vikubwa vichache tu na foleni ya Ngome inapungua, daraja linapata watu, mkuu atasema haiwezekani, jina la kikosi limefungiwa upande wake, basi litafunguliwa, ni kazi ya siku kadhaa, atamwomba siku hizo, hajawahi kumwomba kitu tangu aajiriwe… "Kaka," anasema, "mngeruhusiwa kuvuka kikosi kizima, wewe na jamaa zako wote, mngekuja Msitu?" Bisibisi inasimama. "Bila farasi?" "Bila farasi." "Wote?" "Wote." Miguu mikubwa inabadilishana uzito, "Fundi mitambo wetu amechoka kushinda, kila jioni anauliza leo tunampiga nani. Tungekuja. Ila yale majani mnayowavika watu, dada yangu, tutafanana na mchicha." "Majani nitayaangalia." "Basi tungekuja. Na tungewapiga Ngome vibaya." "Mnakwenda wapi tena?" anauliza mama. "Msituni, mama." "Mvae viatu," na simu inatetemeka, naye anaiacha itetemeke, mkuu atajibiwa, na atajibiwa vizuri, si kura wala kufunga, naomba siku kadhaa, sababu ni hizi… lakini wa kwanza kuandikiwa atakuwa Bibi Mshale, kaka akishashuka tu, mikono ikishakuwa huru, tayari anayasikia maneno yakijipanga, shikamoo mama, nina wageni nataka kuwaleta kwako, ni wengi kidogo, wana kelele na hawajui njia za huko, lakini watakuja wote kwa pamoja, naomba uwapokee…