Nusu ya Kichwa cha Baba Mkwe

…na tena imeshuka, ile sauti ya mashine ya kunyolea, imetoka kwenye mvumo wake wa kila siku na sasa inanguruma chini chini kama mtu aliyekatazwa kucheka, na kinyozi hakuhitaji hata kutazama kile kisaa cha kupimia umeme alichokibandika juu ya kioo, vidole vyake vilishasikia nguvu inavyokimbia, lakini alitazama, na tarakimu nyekundu zilikuwa zimeteremka kweli, betri ya pili hiyo, ile iliyo chini ya benchi, si ile ya mbele ya kuwashia gari, ile ya mbele nzima kabisa wala haijawahi kumwangusha, hii ya nyuma ndiyo inayoendesha duka hili la kunyolea ndani ya gari, mashine, taa, feni, vyote vinanyonya humo, na siku zote hizo za kuwahudumia walevi na watoto wanaolia haikuziona, imechagua kufa leo, leo akiwa na kichwa cha… basi, cha baba mkwe, baba mzazi wa mke wake, fundi mwashi aliyestaafu, upande wa kulia umeshanyolewa umelala kama plasta mbichi iliyopigwa na mkono wenye akili, upande wa kushoto mvi zimesimama zote wima, kila moja na lake, "Mmmh," akasema mzee, macho yamefumbwa, na kinyozi akaitika upesi, "Naam, baba?" kumbe hakuitwa, mzee alikuwa anahema tu.

Amelala. Amelala au anajifanya, wazee hawa huwajui, anaweza kuwa anasikiliza kila kitu huko ndani ya kope zake, anasikiliza mashine inavyopungua na kujisemea moyoni, si nilisema, maana alisema, siku ile sebuleni, wazazi wote wamekaa, chai imeshapoa kwenye vikombe, akaweka kiganja juu ya goti na kuuliza mbele za watu, "Hivi nimpe binti yangu mtu ambaye duka lake linaweza kuondoka?" na watu wakacheka, na kinyozi naye akacheka maana angefanya nini, akacheka huku shingo inawaka moto, na mke wake, ambaye hapo alikuwa bado mchumba, akachelewa kidogo kwenye mlango wa jikoni na trei mkononi, akamkonyeza… jicho hilo ndilo lililomvusha, angekuwa mwanamke mwingine mambo yangeishia kwenye chai, lakini mzee hakusahau, kila wakikutana ni msingi, msingi, nyumba ni msingi, kazi ni msingi, gari lina magurudumu halina msingi, na kichwa chake miaka yote alikipeleka kwa kinyozi wake wa zamani, yule wa chumba cha kona mwenye kiti cha chuma, hakuwahi hata kupanda ngazi ya gari hili, mpaka goti lilipomgomea, mpaka asubuhi ya leo mke wa kinyozi aliposema huku anafunga kitenge, "Baba anataka kunyolewa, mahafali ya mdogo wangu ni mchana, peleka gari pale getini kwake, na nyoa vizuri, sitaki maneno," na yeye akaleta, moyo unamdunda kama anakwenda kuposa upya.

Pii. Inveta hiyo, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri, imelia, inalia hivyo ikiishiwa, akaifunika kwa taulo haraka, nyamaza wewe, nyamaza, na mzee akacheza midomo kisha akatulia, na feni ikaendelea kumpulizia shingoni… feni, feni nayo inakula, angeizima mashine ingepata pumzi ya kumalizia upande wa kushoto, lakini joto lote hili ndani ya bati, ukizima feni mzee ataamka kabla hujahesabu mvi tatu, ataamka ajione kwenye kioo, nusu bwana harusi nusu mfungwa, washa injini basi, washa injini betri ipate chakula, mawazo ya mtu aliyechanganyikiwa hayo, injini ikiwaka kiti chote kinatetemeka, utamchonga mzee wa watu sikio, na huyu si mteja wa kusema pole umpake spiriti yaishe, huyu utamkuta kwenye kila msiba na kila harusi mpaka mmoja wenu azikwe, kilichobaki ni kitufe, kile chekundu kando ya usukani, kinachoziunganisha betri zote mbili, ya mbele iilishe ya nyuma, kidole kimoja tu… fundi umeme wa magari alimwonya, akamwambia huku anafuta ule unga mweupe kwenye vichwa vya betri, "Hii ya nyuma imevimba, bwana, ukiifunga na mwenzake itamnyonya mpaka wote wazimike, utalala hapo hapo," na akaongeza, "Na kosa ni lako, unalihamisha gari kutoka kivuli mpaka kivuli, unazima, unailambisha tu betri, haijashiba hata siku moja, itoe barabarani iende mbali," na yeye akacheka, aende mbali wapi, wateja wako hapa kivulini, akawa kila Jumapili anaiosha vichwa kwa maji ya moto kama anayemwosha mtoto uso, akidhani usafi ni dawa, sasa akibonyeza hapa gari litazimika mbele ya geti la wakwe, halitoki, mzee hapati usafiri wa kwenda kwenye mahafali, na hatimaye mkwe amejipatia duka lisiloweza kuondoka, msingi huo, baba, mimina zege… akajikuta anacheka peke yake, tumbo linatikisika, mkono umeinuliwa mbali na kichwa usije ukaharibu.

Na ni katika kucheka huko ndipo alipomwona. Kichwa kizima cha mzee kilikuwa kimeegemea kiganja chake cha kushoto, uzito wote, shingo imelegea, mdomo wazi kidogo, mtu aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa huu na kumkagua kila fundi kwa jicho moja, amelala hivi kwenye kiti cha mtu mwenye wembe mfukoni, na hawezi mtu kulala hivi kwa anayemdharau, hawezi, hata kama angejilazimisha, na kinyozi akasikia kitu kikimshuka kifuani, kikatua, akafurahi, akafurahi kama mjinga, akaizima mashine, ibaki feni, feni imalize kilichobaki chote, akachukua mkasi, ule aliojifunzia kazi kabla ya mambo ya umeme, akakata mara ya kwanza, mvi zikadondoka begani, polepole, mchana bado.

"Mbona kimya?" sauti ya mzee, macho yamefumbwa vilevile.

"Nimehamia mkasi, baba. Betri ya nyuma imechoka."

"Nimeisikia tangu mwanzo." Akameza mate, akajiweka sawa, kichwa hakukitoa kiganjani. "Yule kinyozi wangu wa kona alikuwa na msingi, tena niliujenga mimi. Goti limeniuma mwezi mzima, hakuna siku ule msingi ulinifuata getini."

Kinyozi akapuliza mvi kwenye mkasi, akakata tena nyuma ya sikio, na alipoinama kumtazama mzee alikuwa ameshaanza kukoroma, upande wa kulia safi, wa kushoto bado umesimama, kesho atanunua betri nyingine na kuipeleka mbali, barabara kuu, na mke wake pembeni, na juu ya kioo tarakimu zilikuwa zinazidi kushuka, lakini feni ilikuwa bado inazunguka, na yeye akaendelea kukata.